Herufi Mbili za Kituruki katika Majina ya Intaneti

Kwa sheria iliyopitishwa tarehe 1 Novemba 1928, Waturuki waliacha herufi za Kiarabu wakashika alfabeti ya Kilatini yenye herufi 29. Humo mna i yenye nukta, ambayo kubwa yake ni İ, na ı isiyo na nukta, ambayo kubwa yake ni I. Nukta hiyo si pambo: sınır ni mpaka, bali sinir ni mshipa wa fahamu.

Majina ya vikoa, yaani anwani za intaneti, yalianza kwa herufi za Kiingereza tu, na kwa kanuni yake I na i ni kitu kimoja. Kanuni za mwaka 2003, zilizoruhusu alfabeti nyingine, hazikuitangua. Basi Mturuki akiandika SINIR, akikusudia mpaka, mashine humpeleka kwenye sinir. Tena jicho huweza kukosa nukta moja, na mlaghai akajipatia jina la pili ajifanye benki ya watu.

Kuigeuza kanuni ya I hakufai, kwani majina ya ulimwengu mzima yaitegemea. Kuikataza ı ni kuwanyima Waturuki tahajia yao. Lililo bora ni msajili ayahesabu majina yanayohitilafiana kwa nukta hiyo tu kuwa pacha: mwenye moja apewe na la pili, au la pili lisipewe mtu. Kweli, atakayelitaka sinir kwa haki huenda akalikosa. Lakini hasara hiyo ni ndogo kuliko ya umma kudanganywa.