Usimtoroke Mtoto Langoni

Somo: 1 Samweli 1:21–28 na 2:18–21



Kila mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, pita karibu na shule yo yote ya nasari asubuhi nawe utasikia kilio. Mtoto amevaa sweta mpya inayomfika magotini, kwa maana mama alinunua ya kutumika miaka miwili. Mkono mmoja ana kikombe cha uji, mkono wa pili ameshika nguo ya mzazi wake wala hataki kuiacha. Siku hizi darasa hilo huitwa PP1, tangu mtaala mpya ulipoanza nchini kote mwaka 2019, na watoto huingia wakiwa na umri wa miaka minne hivi. Jina limebadilika, lakini kilio ni kile kile.

Leo nina jambo la kuungama. Kifungua mimba wetu alipoanza nasari, mimi ndimi niliyempeleka. Tulipofika langoni alinishika suruali kwa mikono miwili. Mzazi mmoja akaninong'oneza, "Pasta, mwonyeshe yule ng'ombe aliyechorwa ukutani. Akigeuka, wewe ondoka." Nikafanya hivyo. Mtoto akageuka kumtazama ng'ombe, nami nikaondoka mbio kama mwizi wa kuku. Njiani nilijiona mwerevu.

Saa sita mama yake alimkuta langoni macho yamevimba, na uji hakuugusa. Usiku ule aliamka mara tatu kunipapasa kama nipo. Jumapili, nilipoinuka kwenda kuvaa kanzu ya ibada, alipiga ukelele hata kanisa zima likageuka. Ndipo nilipofahamu. Mtoto wangu hakuwa akiogopa shule. Alikuwa akimwogopa baba anayetoweka.

Hebu sasa tumtazame Hanna. Huyu mama alimlilia Mungu miaka mingi ampe mtoto, na alipompata alimpeleka Shilo, nyumbani mwa Bwana, akiwa bado mdogo. Sisi twamwacha mtoto nusu siku. Yeye alimtoa kwa maisha yake yote. Biblia haituelezi kama Samweli alilia. Lakini yatueleza alivyofanya mama yake, na hapo tuna mafundisho matatu.

Kwanza, Hanna hakufanya haraka. Mumewe Elkana alipopanda kwenda kutoa dhabihu, yeye alisema atangoja mpaka mtoto aachishwe ziwa. Alijua siku inakuja, akajitayarisha. Nasi tumtayarishe mtoto. Juma moja kabla ya shule kufunguliwa, mpeleke aione njia, aone darasa, aone choo kilipo. Mfundishe kuvua na kuvaa sweta yake mwenyewe. Watoto wengi hulia kwa sababu hawajui watamwambia nani wakitaka kujisaidia.

Pili, Hanna alimkabidhi mtoto kwa mtu, uso kwa uso. Hakumwacha mlangoni. Alimwendea kuhani Eli, akajitambulisha, akamweleza habari za mtoto huyu. Basi nawe ingia, msalimu mwalimu mbele ya mtoto, mkabidhi mkono kwa mkono. Tena tusimtishe mtoto tukisema, "Ukilia mwalimu atakuchapa!" Viboko vilikatazwa katika shule za Kenya tangu mwaka 2001, kwa hiyo kwanza twasema uongo. Pili, yule mtu ambaye mtoto atahitaji kumkimbilia, twamfanya kuwa adui yake kabla hawajajuana.

Tatu, Hanna alirudi. Mwaka kwa mwaka alikuja na kanzu ndogo aliyomshonea mwanawe. Fikirini, akina mama: mtoto anakua, nawe humwoni kila siku, lakini lazima ukadirie mabega yake. Kila kanzu ilimwambia Samweli kwamba mama hajamsahau.

Wapendwa, hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mtoto mdogo hajui saa. Ukitoweka, kwake ni kama umekwenda milele. Daktari mmoja Mwingereza, John Bowlby, aliandika kitabu kizima juu ya kutengana kwa mtoto na mzazi, kilichotolewa mwaka 1973. Alieleza kwamba mtoto mwenye hakika ya kumpata mzazi wake anapomhitaji huwa na hofu kidogo kuliko yule asiye na hakika. Kwa hiyo kulia langoni si utundu wala si kudekezwa. Mtoto analia kwa sababu anakupenda, na hajajua bado kama utarudi.

Basi mwambie. Usimwambie "saa sita", mwambie kwa mambo anayoyajua: "Mtakunywa uji, mtacheza nje, mtaimba, halafu baba atakuja." Mkumbatie mara moja, mwage, kisha uende. Usichungulie dirishani, maana akikuona huanza upya. Na ukiisha kusema utakuja, njoo! Kama kuna mazishi au kazi, mwambie asubuhi kwamba atakayemchukua ni shangazi au nyanya. Neno la mzazi lisianguke.

Mimi nilirudi nyumbani nikamwomba radhi mtoto wa miaka minne. Wengine watasema ni kujishusha. Lakini nilikuwa nimemdanganya. Jumatatu nikamwambia wazi kwamba ninakwenda na kwamba nitarudi baada ya wimbo wa mwisho. Alilia sana, nami nikaenda moyo ukiniuma. Kabla ya saa sita nilikuwa nimesimama langoni. Kesho yake alilia tena, na kesho kutwa. Juma la tatu aliniachia mkono mwenyewe, akaniambia, "Baba, usisahau kuja."

Maneno hayo yalinikumbusha Bwana wetu. Usiku ule kabla ya kuteswa kwake hakuwatoroka wanafunzi. Someni Yohana 14. Aliwaambia waziwazi kwamba anakwenda. Aliwaambia anakokwenda, akawaahidi kwamba hatawaacha yatima, kwamba Baba atawapa Msaidizi, na kwamba yeye mwenyewe atakuja tena. Walihuzunika, naye hakuwakemea kwa huzuni yao. Kanisa limeishi kwa ahadi hiyo mpaka leo.

Je, mtoto wako ataaminije ahadi ya Mwokozi asiyemwona, kama ahadi ya mzazi anayemwona haisimami? Somo la kwanza la imani halifundishwi shule ya Jumapili. Linafundishwa langoni, saa sita mchana, mtoto anapotazama barabarani na kumwona aliyesema atakuja, anakuja.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyemtunza Samweli mbali na mama yake, uwatunze watoto wetu wanaoanza shule. Wape walimu wao uvumilivu na upole. Utusamehe sisi wazazi tuliowadanganya wadogo hawa, ukatufanye kuwa watu wa neno letu, kama wewe ulivyo mwaminifu kwa neno lako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.