Kisu cha daktari na ugonjwa wa sukari

UKISHUKA matatu pale Kenol, mahali barabara ya Murang'a inapoachana na ile ya Nyeri, harufu ya nyama choma hukupokea kabla ya wenyeji. Unataka kumnunulia mama soda na mkate, kisha unakumbuka: mama ana kisukari.

Je, ukiambiwa kwamba mama anaweza kupasuliwa tumbo na sukari yake ikashuka, utasadiki? Usione haya kutilia shaka. Madaktari wenyewe walitia shaka miaka mingi.

Upasuaji huu ulianza Marekani mwaka wa 1966, kwa ajili ya watu wanene kupita kiasi. Tumbo hukatwa likabaki kifuko kidogo, na chakula hurushwa sehemu ya mwanzo ya utumbo. Mwaka wa 1995, Daktari Walter Pories na wenzake wa North Carolina waliripoti kwamba kati ya wagonjwa 146 wa kisukari waliopasuliwa, sukari ya 121 ilirudi kuwa ya kawaida. Mara nyingi ilishuka kwa siku chache, kabla hata ya uzani kupungua. Utumbo ukibadilishwa njia, homoni zake nazo hubadilika, na insulini hufanya kazi vyema zaidi.

Mbona basi ikachukua muda kukubalika? Kisukari kilihesabiwa ugonjwa wa vidonge na sindano. Kumpasua mtu anayetembea kwa miguu yake kulionekana ni kutafuta balaa. Majaribio yalipozidi kulinganisha kisu na vidonge, shaka ikapungua. Mwaka wa 2016 mashirika 45 ya kitabibu yaliukubali kuwa tiba ya kisukari. Hata mwenye kimo cha mita 1.65 na uzani wa kilo 82 hivi anaweza kufikiriwa, iwapo dawa zimeshindwa.

Lakini usikimbilie kisu, msomaji. Hakimfai mwenye kisukari cha utotoni, ambacho mwili hautengenezi insulini. Kuna hatari ya kuvuja damu, na vitamini humezwa maisha yote. Sukari yaweza kurudi baada ya miaka. Gharama nayo si mchezo.

Basi usimwachishe mama dawa zake. Mpeleke kliniki, mwulize daktari: "Je, huyu anafaa?" Swali ni bure, na kuchelewa kunaweza kugharimu mguu au macho.

Leo, acha soda. Mnunulie maparachichi.