Bajeti ya mwanafunzi wa Moshi huanzia jikoni Boma

Shilingi 10,000 kwa siku. Hicho ndicho kiwango cha posho ya chakula na malazi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu wanaopata mkopo wa Serikali, baada ya kupandishwa kutoka 8,500 katika mwaka wa masomo 2022/23. Mzazi wa Bomang'ombe anayelisha familia nzima kwa fedha ya namna hiyo anaweza kudhani mwanawe aliyepanga chumba Moshi anakula vizuri kuliko wao.

Lakini fedha hiyo, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, haitoki kila asubuhi. Inakuja kwa mafungu, na fungu la siku 60 ni 600,000. Mwenye nyumba naye mara nyingi hataki kodi ya mwezi mmoja, anataka ya miezi mitatu au sita. Kama chumba ni 50,000 na anadai miezi sita, 300,000 zimeondoka siku ya kwanza. Zinabaki 5,000 kwa siku, ambazo ni za chakula, bando, kutoa kopi, sabuni na nauli ya kuja nyumbani. Chipsi mayai na soda mchana, zaidi ya nusu ya siku imeshaliwa. Bumu likichelewa, hakuna hesabu tena. Na hapa hajatajwa yule asiye na mkopo kabisa, ambaye bumu lake ni mama yake.

Wiki mbili hizo za kusubiri fedha ndizo zinazopaswa kumsumbua mzazi. Mwanafunzi asiye na kitu chumbani anaingia kwenye simu na kukopa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Waliowahi kunaswa na mikopo ya aina hiyo wanajua inavyokwenda: riba inakua haraka, na ukichelewa, ndugu na marafiki walioko kwenye simu yako wanaanza kupokea ujumbe wa kukudhalilisha. Kwa binti kuna jambo jingine. Wanaume wa kumnunulia chakula wapo, na wengi wao hawanunui bure. Hili halipendezi kuzungumzwa sebuleni, lakini ni afadhali lizungumzwe kabla hajafunga begi.

Kinachoziba pengo hilo ni chakula kikavu chumbani, na hapo mzazi wa Boma ana bahati ambayo mzazi wa mbali hana. Mahindi na maharage ya masika kwa kawaida huvunwa kuanzia Julai, bei ikiwa chini, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Gunia lililowekwa kando mapema ni posho isiyochelewa. Lihifadhiwe kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu wanakosa hewa na kufa bila dawa, jambo muhimu kwa mtoto anayelala chumba kimoja na chakula chake.

Asipewe unga mwingi kwa mara moja, hasa dona. Kiini cha mahindi kina mafuta, na unga wake huanza kuchacha mapema kuliko sembe. Apewe mahindi, asage kidogo kidogo. Ndizi mshare mbichi zinakaa siku kadhaa, na mtoto aliyekulia kwenye mtori na kiburu hahitaji kufundishwa namna ya kuzipika. Kama hawezi kupika, wa kulaumiwa si chuo, na wavulana wengi bado wanatoka nyumbani hivyo hivyo.

Maharage ndiyo yanayomaliza nishati. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, kisha sufuria ifunikwe na kuwekwa kwenye kapu lililojazwa vitambaa na blanketi kuukuu. Joto litaendelea kuyaivisha yeye akiwa darasani, na jioni anayachemsha tena kidogo kabla ya kuyaunga. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 hudumu zaidi kwa mtindo huo.

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kwa mwanafunzi wa chumba kimoja suala hili ni la uhai. Baridi ya Juni na Julai inamtia mtu kishawishi cha kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga dirisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na aliyelala haamki. Mkaa usiingie chumbani hata kama moto umefifia.

Jiko la umeme la presha linaivisha maharage kwa umeme kidogo, ila bei yake inafaa kuchangiwa na watu watatu au wanne. Kabla ya kununua, waulize kama sheria za hosteli zinaruhusu, na kama Luku ni ya chumba au ya nyumba nzima. Bei nafuu ya umeme ni kwa mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba ya wapangaji wanane kwenye mita moja inaruka kiwango hicho mapema, na mwenye pasi analipiwa na asiye nayo.

Je, kwa nini asilale nyumbani? Kutoka Boma hadi Moshi ni kilometa 20 na ushee tu. Ni swali la haki, ila lipigiwe hesabu. Nauli ikiwa 1,500, kwenda na kurudi siku 22 ni 66,000, zaidi ya kodi ya chumba cha 50,000, bado saa za kugombea gari alfajiri. Mwenye vipindi siku tatu kwa wiki, hesabu yake ni nyingine: 39,000 kwa siku 13.

Nguo atazipata Memorial au Kiboriloni kwenye mitumba. Maganda ya ndizi yasiende jalalani wakati jirani anafuga ng'ombe wa ndani. Mtoto wa mlimani anaijua desturi hiyo: majani na migomba kwa mifugo, samadi kwa migomba. Kihamba cha Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, kiliingizwa na FAO mwaka 2011 kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani kwa utaratibu huo huo.

Mkungu ukitumwa kwa gari la asubuhi, mtoto apigiwe simu kabla gari halijaondoka, aandikiwe namba ya gari na jina la konda, na mfuko mtupu wa wiki iliyopita arudishe kwa gari hilo hilo.