Hukumu ya Matata Ponyo: chama chake kilijibu nini, na swali gani halijajibiwa



Jumapili iliyofuata hukumu ya Augustin Matata Ponyo, mwezi wa tano mwaka 2025, karatasi mbili zilinifikia kabla ya ibada hapa Kolwezi. Ya kwanza iliandikwa na ndugu wenye asili ya Maniema ambao wanaabudu pamoja nasi kwa miaka mingi. Waliomba kanisa lisimame limwombee ndugu yao anayeteswa bila kosa. Ya pili ilitoka kwa kijana anayefanya kazi katika kampuni moja ya madini. Yeye aliomba tumshukuru Mungu kwa sababu mwizi mkubwa amekamatwa na sheria. Watu hao wanakaa benchi moja. Sikusoma hata karatasi moja, na baada ya ibada nililaumiwa na pande zote mbili. Kisha mama mmoja wa kwaya akanivuta pembeni akasema: "Pasta, ukinyamaza, sisi tutaamua kwa kabila."

Ninyi mnaoishi Kolwezi, Likasi au Lubumbashi mnajua neno hilo lina uzito gani kwetu. Mji wetu umekusanya watu wa kila pembe kwa sababu ya shaba na kobalti, na tumeshaona jinsi maneno ya siasa yanavyogeuka kuwa mawe. Kwa hiyo naandika ili tuelewe mambo yenyewe kwanza.

Matata Ponyo ni mzaliwa wa Kindu. Alikuwa waziri wa fedha, halafu waziri mkuu tangu 2012 hadi mwisho wa 2016 chini ya rais Joseph Kabila. Mwaka 2022 alianzisha chama chake, LGD, akasimama upande wa upinzani. Katika uchaguzi wa Desemba 2023 alikuwa mgombea urais, lakini alijitoa mwezi wa kumi na moja akamwunga mkono Moïse Katumbi. Alichaguliwa kuwa mbunge.

Tarehe 20 Mei 2025 Mahakama ya Katiba mjini Kinshasa ilimhukumu miaka 10 ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa mali ya umma. Baada ya kifungo, kwa miaka 5 hataruhusiwa kupiga kura wala kugombea. Deogratias Mutombo, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu, alipewa miaka 5, na mfanyabiashara wa Afrika Kusini, Christo Grobler, miaka 5 pia. Fedha zilizotajwa ni karibu dola milioni 245.

Fedha hizo zilikuwa za shamba la Bukanga Lonzo. Lilizinduliwa mwezi wa saba 2014, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kinshasa, kwenye eneo la hekta 80,000. Lilitakiwa kuwa la kwanza kati ya mashamba mengi makubwa ya kulisha nchi, na zao lake la mbele lilikuwa mahindi. Naomba mkae kidogo juu ya neno hilo, mahindi. Sisi wa Katanga tunakula bukari kila siku, na unga mwingi tunaopika hapa Kolwezi unavuka mpaka kutoka Zambia. Zambia ikifunga mpaka wa mahindi, mama wa nyumbani anajua siku hiyohiyo, kabla redio haijasema. Shamba lile halikuwa mambo ya mbali ya watu wa Kinshasa. Lilikufa mwaka 2017. Mwaka 2020 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulisema kwamba katika dola milioni 285 zilizotolewa, milioni 205 hazikwenda mahali pake.

Sasa, chama chake kilijibu nini? LGD na mawakili wake waliikataa hukumu, wakaiita ya kisiasa, iliyokusudiwa kumwondoa mpinzani njiani. Kijana wetu wa kampuni alicheka aliposikia hivyo: "Wote wanasema hivyo." Ni kweli, wote wanasema hivyo. Lakini Mkristo hawezi kutupa hoja kwa sababu tu imesemwa na wengi. Tuzitazame.

Hoja ya kwanza ni ya Mahakama yenyewe. Mwezi wa kumi na moja 2021, Mahakama hiyohiyo ya Katiba ilisema haina uwezo wa kumhukumu mtu aliyekwisha kuacha uwaziri mkuu. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2022, ikasema ina uwezo. Mtu ni yuleyule na mambo ni yaleyale. Mwanasheria atatoa maelezo, lakini muumini wa kawaida akiuliza nini kilibadilika katikati, swali lake si la ujinga.

Ya pili ni kinga ya mbunge. Kifungu cha 107 cha Katiba kinalinda mbunge asishitakiwe bila ruhusa ya wenzake. Mwezi wa nne 2025 mwenyekiti wa Bunge la Taifa, Vital Kamerhe, aliiandikia Mahakama kwamba ruhusa hiyo haikuombwa. Mahakama iliona kesi imekwisha kufika mbele ya waamuzi na haihitaji ruhusa mpya, ikaendelea.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Uamuzi wa Mahakama ya Katiba haukatiwi rufaa. Kifungu cha 168 kinasema hivyo. Paulo alipoona Festo anataka kumpeleka Yerusalemu kwa watu waliokwisha kuamua afe, alikata rufaa kwa Kaisari, na mpagani yule akampa. Soma Matendo sura ya 25. Mtu anayeuza nyanya sokoni Kolwezi, akihukumiwa na tribinali, ana mahali pa pili pa kulia. Aliyekuwa waziri mkuu hana. Katiba iliwekwa hivyo kwa sababu ya ukubwa wa kazi yake, lakini waamuzi ni wanadamu, na wanadamu wanakosea.

Tena sisi wa Katanga tuna kumbukumbu yetu. Mwezi wa sita 2016, muda mfupi baada ya Moïse Katumbi kutangaza kwamba atagombea urais, mahakama moja ya Lubumbashi ilimhukumu miaka 3, yeye akiwa nje ya nchi, kwa kesi ya nyumba. Mmoja wa waamuzi wale, Chantal Ramazani, alikimbia akaandika kwamba alilazimishwa kutia sahihi. Mwaka 2019 hukumu ile ilifutwa, na Katumbi akarudi Lubumbashi. Watu waliojaa barabarani siku ile walijifunza kwamba hukumu ikimwangukia mpinzani, usiamini haraka. Siwezi kuwalaumu.

Kwa hiyo hoja za LGD zina uzito. Wazee wa Maniema katika kanisa letu si wajinga, na si kabila tu linalosema ndani yao.

Lakini angalieni hoja zile tatu tena. Zinauliza nani alihukumu, lini, na kwa njia gani. Hakuna hata moja inayouliza mahindi yako wapi. Matata mwenyewe amesema mara nyingi kwamba hakushika fedha za mradi kwa mkono wake, na kwamba shamba lilikufa kwa sababu waliomfuata waliacha kulipa. Labda. Hayo ndiyo maneno yanayohitaji karatasi: mikataba, malipo, nani aliagiza, nani alipokea. Chama kingeweza kusema: tunaikataa njia ya hukumu hii, na sisi wenyewe tunaweka mezani kila tulichonacho juu ya Bukanga Lonzo, hata kama kitatuumiza. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyosikika nchini.

Kwa nini vyama vyetu vinashindwa na sehemu ya pili? Nadhani ni kwa sababu ya jinsi vinavyozaliwa. UNC ilizaliwa 2010 kumzunguka Kamerhe. Ensemble pour la République ilizaliwa 2019 kumzunguka Katumbi. LGD vivyo hivyo kwa Matata. Mtu mmoja ndiye mlango, ndiye paa, na mara nyingi ndiye mfuko. Akianguka, wenzake hawana mdomo mwingine isipokuwa wake. Afrika Kusini chama cha ANC, pamoja na madhambi yake mengi, kiliandika kanuni kwamba mkubwa aliyeshitakiwa kwa rushwa akae pembeni, na mwaka 2021 katibu mkuu wake, Ace Magashule, alisimamishwa kwa kanuni hiyo. Ilileta vurugu kubwa ndani ya chama, lakini kanuni ilikuwepo kabla ya mtu.

Na si upinzani peke yake. Kamerhe, yuleyule aliyeandika barua ya kinga, alihukumiwa mwezi wa sita 2020 miaka 20 kwa fedha za mpango wa siku 100, zaidi ya dola milioni 48 za kujenga nyumba. Wakati ule alikuwa mkurugenzi wa ofisi ya rais Tshisekedi. UNC ililia kwamba ni siasa, lakini haikuvunja ushirika wake na rais. Yeye alipata rufaa: 2021 miaka ikapungua hadi 13, na 2022 akaachiliwa huru kabisa. Mwaka 2023 akaingia serikalini, 2024 akawa mwenyekiti wa Bunge. Chama kilisherehekea. Sijasikia mkutano wowote wa chama uliouliza juu ya nyumba hizo. Kama Kamerhe hakuchukua, basi fedha zilikwenda wapi? Mtu kutoka gerezani hakujengi nyumba, na mtu kuingia gerezani hakulimi mahindi.

Niwasimulie jambo la aibu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kutenganisha maswali haya. Zamani, katika paruasi moja niliyoitumikia baada ya shule ya teolojia, tulikusanya fedha za mabati. Wakati wa kununua ukafika na fedha hazikutosha. Kamati ikakaa usiku mmoja, ikamtaja mtunza hazina kuwa mwizi, na Jumapili ikasoma jina lake mbele ya watu. Hatukumwonyesha daftari. Hatukumpa nafasi ya kusema. Mimi nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka ya kuonekana mchungaji mkali, nami nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Ndugu zake wakasimama palepale wakasema mnamchukia kwa sababu si wa hapa. Nusu ya kanisa ikatoka pamoja nao.

Miezi baadaye mzee mmoja mpole alikaa na daftari kwa siku tatu. Akakuta kwamba mtunza hazina alichukua kweli, lakini sehemu tu. Sehemu nyingine ilikopeshwa na wanakamati wenyewe kwa ajili ya matanga, bila kuandikwa. Tulimtendea mtu vibaya, na mtu yule alikuwa na kosa. Yote mawili yalikuwa kweli siku moja. Tulipojaribu kusema la pili, hakuna aliyesikia, kwa sababu tulikuwa tumeharibu la kwanza. Mabati hayakununuliwa mpaka nilipohamishwa.

Ndiyo maana nasema mwamuzi anayekimbilia hukumu hamtendei vibaya mshitakiwa peke yake. Anaharibu pia haki ya waliopoteza mali, maana anawapa wafuasi wa mshitakiwa kitu kingine cha kuzungumzia. Na wafuasi wakishika kitu hicho peke yake, wanamaliza kazi ya uharibifu. Katika hadithi ya Nabothi sheria ilifuatwa kwa nje, na mashahidi wawili walikuwepo, na bado ilikuwa uuaji. Lakini Eliya hakuishia kulaumu waamuzi wa mji. Alikwenda shambani, kwenye mizabibu yenyewe, akamwuliza Ahabu juu ya shamba.

Sisi wa Lualaba tuna sababu ya pekee ya kujifunza jambo hili. Sheria ya madini ya 2018 inasema kwamba katika ushuru wa madini, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya mitaa na sekta ambamo madini yanachimbwa. Siku moja mkubwa fulani wa kwetu atashitakiwa juu ya fedha hizo. Atakuwa na chama, atakuwa na kabila, na wajomba zake watakuwa ndani ya makanisa yetu. Kama hatujajifunza kuuliza maswali mawili kwa pamoja juu ya mtu wa Maniema aliye mbali, hatutaweza juu ya mtu wetu.

Jumapili ya pili niliwaita wenye karatasi zote mbili mbele. Tuliwaombea waamuzi wa Mahakama ya Katiba, tukamwombea Matata na jamaa yake, tukawaombea wenye njaa ambao shamba lile lilikusudiwa kuwalisha. Mzee wa Maniema aliniambia baadaye: "Pasta, hukusema kwamba hana hatia." Kijana akajibu kabla yangu: "Wala hakusema kwamba anayo." Hawakufurahi, mmoja wala mwingine. Lakini waliomba kitu kimoja pamoja: mmoja wa waumini wetu ni mwanasheria, naye aje Jumatano asome nao vifungu vya Katiba, kisha wasome taarifa ya IGF. Nimewapa ukumbi. Mama wa kwaya amesema naye atakuja, na ameuliza kama taarifa ile ipo kwa Kiswahili. Haipo, itabidi tuitafsiri wenyewe mezani, ukurasa kwa ukurasa.