Kufasiri Mipaka ya Kadiri katika Mafumbo ya Hesabu

Fumbo la hesabu huanza kwa maneno, si kwa alama. Na pale linapotaja kadiri yenye mpaka, kosa la kufasiri hutangulia kosa la kuhesabu. Kiswahili kina njia mbili za kuutaja mpaka. “Chini ya” na “zaidi ya” huuacha mpaka wenyewe nje; “isiyozidi” na “isiyopungua” huuingiza ndani. Asemaye “zisizozidi 10” ameiruhusu 10. Asemaye “chini ya 10” ameikataa.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zilikataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50 na wa zaidi ya sentimita 85. Katazo likigeuzwa kuwa ruhusa, alama nazo hugeuka: urefu u ulioruhusiwa ni u ≥ 50, tena u ≤ 85. Sangara wa sentimita 50 kamili hakukatazwa.

Na ichukuliwe sasa mfano wa kubuni wenye kadiri mbili. Mchuuzi wa Mkolani, kusini ya mji wa Mwanza, ana shilingi 200,000. Debe la dagaa ni shilingi 20,000, na la mchele 40,000. Mkokoteni haubebi zaidi ya madebe 8, na madebe ya dagaa yasipungue mara mbili ya yale ya mchele.

Madebe ya dagaa yakiwa d na ya mchele m, fedha zatoa 20,000d + 40,000m ≤ 200,000, yaani d + 2m ≤ 10. Mkokoteni watoa d + m ≤ 8. Hapa “haubebi zaidi ya” ni ukanusho, nao huurudisha mpaka ndani. Sharti la mwisho ni d ≥ 2m. Wengi huandika 2d ≥ m, kwa kuwa “mara mbili” hutajwa karibu na dagaa. Lakini kinachozidishwa ni kile kinachofuata “ya”. Tena d ≥ 0 na m ≥ 0, ingawa fumbo halikusema.

Katika grafu, kila sharti ni mstari mnyofu pamoja na upande wake mmoja. Madebe 6 ya dagaa na 2 ya mchele humaliza fedha zote na kuujaza mkokoteni. Mwenye kuandika < badala ya ≤ hulipoteza jibu hilo hilo, hata kama hesabu yake haina dosari.