Redio Koli Inapovuma: Lipia Nini Kwanza, Acha Nini

Gari la watalii linalotoka Arusha kwenda Serengeti siku hizi limejaa vifaa vya umeme: friji ya vinywaji, inveta ya kuchajia kamera za wageni, chaja za USB kila kiti, taa za LED ndani na nje. Katikati ya vyote ipo redio koli, tegemeo la dereva pale mtandao wa simu unapokata. Redio hiyo ikianza kuvuma au kukwaruza, mwenye gari huambiwa mambo matatu: funga filta, badilisha antena, au nunua redio mpya. Kila moja laweza kuwa dawa, na kila moja laweza kuwa hasara tupu. Kinachoamua ni njia ambayo kelele inapita kuingia redioni, na kuijua njia hiyo hakuhitaji hata shilingi.

Vipimo vya bure

Kwanza, zima injini, redio ibaki imewashwa. Kelele ikiisha, shuku altaneta au mfumo wa kuwashia injini. Ikibaki, chomoa chaja moja moja, zima inveta, kisha friji, kisha taa, ukisikiliza baada ya kila kimoja.

Pili, washa injini ukanyage mafuta taratibu. Mlio mwembamba unaopanda pamoja na mzunguko wa injini ni wa altaneta. Mkwaruzo wa kudonoadonoa unaoongezeka kasi vilevile ni wa plagi, nao ni ugonjwa wa magari ya petroli. Land Cruiser ya dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo usikubali kutozwa pesa kwa sababu hiyo.

Tatu, chomoa waya wa antena nyuma ya redio, ufungue skwelchi, yaani kidhibiti kinachonyamazisha mvumo pasipo na anayeongea. Mvumo wa kawaida wa redio utausikia tu. Wewe fuatilia ile kelele iliyokuwa juu yake. Ikiendelea, inapita kwenye waya za umeme. Ikitoweka, inanaswa na antena. Wakati antena imechomolewa usibonyeze kitufe cha kuongea, maana unaweza kuiunguza redio.

Zipo kelele zisizosikika kabisa. Kwenye redio za VHF skwelchi huzificha, na dereva huona tu kwamba wenzake wa mbali hawapatikani tena. Mwombe mwenzako aliye mbali aendelee kuongea huku wewe ukiwasha na kuzima vifaa. Sauti yake ikififia kila inveta inapowaka, mhalifu umempata.

Kinachogharimu kidogo

Matengenezo ya bei rahisi kuliko yote ni msasa na spana. Kagua waya wa hasi kutoka betri kwenda kwenye bodi, waya unaounganisha injini na bodi, na kitako cha antena. Vumbi, maji na mitikisiko ya barabara za mbugani hulegeza viungo hivi na kuvitia kutu. Kwangua rangi na kutu hadi chuma kionekane, kaza, paka grisi.

Ngazi hiyohiyo ya gharama ina chaja na taa. Chaja au taa ya bei ya chini mara nyingi huwa haina sehemu za kuzuia kelele ndani yake. Kuinunua ni kuokoa elfu chache na kuziba masikio ya redio ya laki kadhaa. Ijaribu garini redio ikiwa imewashwa kabla hujalipa.

Waya wa moja kwa moja

Kama kelele inapita kwenye umeme, matumizi yenye faida kuliko yote ni waya mnene kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye redio, badala ya kuunga kwenye tundu la kiberiti au waya wa taa. Redio ya wati 25 huvuta ampea 5 hadi 8 ikirusha sauti. Ya wati 50 huvuta ampea 10 hadi 15. Fyuzi ikae karibu na betri, ili waya ukichubuka njiani fyuzi ikatike kabla ya moto kuwaka.

Ukihesabu waya, fyuzi na ufundi, unazungumzia makumi ya maelfu ya shilingi. Faida zake ni mbili: kelele inapungua, na redio inapata umeme wa kutosha kurusha mbali. Hakiki kwa mita: ukiwa unarusha, volti za nyuma ya redio zisipungue zile za betri kwa zaidi ya nusu volti.

Wenye magari ya volti 24 wana uamuzi mmoja wa ziada. Wapo wanaochukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili ili kukwepa gharama ya kigeuzi cha kushusha volti 24 kuwa 12. Matokeo yake betri moja huchajiwa kupita kiasi na nyingine hubaki na njaa, na zote mbili hufa mapema. Nunua kigeuzi kilichotengenezwa kwa ajili ya redio, kwa sababu kigeuzi duni nacho hupiga kelele.

Feraiti, filta au altaneta?

Feraiti ni kipande cheusi kinachobanwa kwenye waya, na bei yake ni ndogo. Kifunge kwenye waya wa kifaa kinachopiga kelele, karibu kabisa na kifaa chenyewe. Ukipitisha waya mara 3 badala ya mara 1, nguvu ya kuzuia huongezeka takriban mara 9. Tafuta aina namba 31 au 43. Kisicho na namba ni bahati nasibu.

Filta ya waya wa umeme ni ghali zaidi, na iwe na uwezo wa ampea unaozidi mahitaji ya redio. Inafaa pale tu kelele inapopita kwenye umeme. Kwa kelele inayonaswa na antena, filta hiyo haisaidii chochote, na hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa.

Kabla ya kuinunua kwa mlio wa altaneta, weka mita kwenye AC, pima betri injini ikizunguka na taa zikiwaka. Ukiona zaidi ya nusu volti, dayodi za altaneta zimeharibika. Filta itaficha ugonjwa huku betri ikiumia. Kubadilisha dayodi ni nafuu kuliko altaneta nzima, na ni salama kuliko altaneta ya mtumba usiyoijua historia yake.

Uamuzi

Redio mpya, inayoanzia laki kadhaa na kuvuka milioni, iwe ya mwisho. Redio nzuri ndani ya gari lenye kelele itazisikia kelele hizo vizuri zaidi. Anza na msasa na spana, fuata waya wa betri, kisha feraiti, kisha altaneta. Na kwa fundi yeyote weka sharti moja: akuonyeshe kelele ikiondoka redio ikiwa imewashwa mbele yako, ndipo umlipe.