MICHEZO MITANO, MSHINDI MMOJA

Katika Michezo ya Olympic, washindani wengi hushughulika na jambo moja tu. Mkimbiaji hukimbia, mwogeleaji huogelea, na mpiga shabaha hulenga shabaha yake. Lakini liko shindano moja ambalo mpaka mwaka 2024 lilimtaka mtu mmoja afanye mambo matano yasiyofanana hata kidogo: kupigana kwa upanga, kuogelea, kupanda farasi, kulenga shabaha kwa bastola, na kukimbia. Shindano hilo huitwa pentatloni ya kisasa. Neno lenyewe ni la Kiyunani, na maana yake ni mashindano ya michezo mitano.

ASILI YAKE

Wayunani wa kale walikuwa na michezo mitano yao: kukimbia, kuruka, kutupa kisahani, kutupa mkuki na kupigana mieleka. Bwana Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeanzisha Michezo ya Olympic ya siku hizi, alitaka liwepo shindano la namna hiyo lililowafaa watu wa zama zake. Kisa kinachosimuliwa ni cha afisa wa jeshi aliyepewa barua aipeleke mbali. Afisa huyo apanda farasi asiyemjua. Njiani akutana na adui, naye ajitetea kwa upanga na bastola. Farasi wake anapouawa, avuka mto kwa kuogelea, kisha amaliza safari yake kwa miguu.

Shindano hilo lilifanywa mara ya kwanza mjini Stockholm katika mwaka 1912. Wenyeji, yaani Waswidi, walishika nafasi nne za kwanza, na mshindi alikuwa Gösta Lilliehöök. Wa tano alikuwa Luteni George Patton wa Marekani, ambaye baadaye alikuwa jenerali mashuhuri katika Vita Kuu ya Pili. Patton alikuwa hodari wa upanga na wa mbio, lakini katika kulenga shabaha alitanguliwa na watu karibu ishirini. Ustadi wake katika michezo mingine haukutosha kuliziba pengo hilo.

Hapo ndipo ilipo maana ya shindano lenyewe. Anayeshinda si lazima awe bingwa wa dunia katika mchezo wowote mmoja. Bali yapasa asiwe dhaifu katika mchezo wowote, kwa kuwa udhaifu mmoja hula faida ya michezo mingine minne.

HESABU YA USHINDI

Hapo zamani hesabu ilikuwa rahisi. Aliyekuwa wa kwanza katika mchezo alipewa alama 1, wa pili alama 2, na kadhalika. Mwishoni alama zote zilijumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye aliyeshinda. Mjini London katika mwaka 1948, Mswidi William Grut alikuwa wa kwanza katika farasi, upanga na kuogelea. Alikuwa wa tano katika shabaha na wa nane katika mbio. Jumla yake ilikuwa 16, naye akapata nishani ya dhahabu.

Lakini hesabu hiyo ilikuwa na kasoro. Aliyeshindwa kwa sekunde moja na aliyeachwa mbali sana waliweza kutofautiana kwa alama moja tu. Kwa sababu hiyo iliachwa, na mahali pake pakawekwa alama zinazopimwa kwa kazi aliyoifanya mtu mwenyewe. Tangu hapo, mwenye alama nyingi ndiye mshindi.

Katika Michezo ya Paris ya mwaka 1924 na mingine ya zamani, shindano liliendelea kwa siku nyingi. Lakini mjini Paris katika mwaka 2024, fainali nzima ilimalizika kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Katika upanga, mguso mmoja tu ulimaliza pambano. Kuogelea kulikuwa kwa mita 200. Mwisho zilikuwako mbio za mita 3,000 zilizochanganywa na shabaha: mara nne mkimbiaji alisimama, akashika bastola inayotoa mwali wa leza badala ya risasi, akalenga mpaka apate shabaha tano. Kazi hiyo ni ngumu, kwa kuwa mtu anayehema kwa mbio hupata taabu kuutuliza mkono wake.

Tena, aliyekuwa na alama nyingi aliondoka kwanza, na wengine walimfuata nyuma kwa sekunde, kila mtu kadiri ya alama alizopungukiwa. Kwa hiyo mtazamaji hakuwa na haja ya kalamu na karatasi. Aliyefika mbele ndiye aliyeshinda.

FARASI WA KURA

Jambo la ajabu kuliko yote katika shindano hili lilikuwa farasi. Mshindani hakupanda farasi wake mwenyewe aliyemzoea, bali farasi walitolewa na wenyeji na kugawanywa kwa kura. Kila mtu alipewa dakika 20 tu za kujuana na mnyama wake, kisha aliingia naye uwanjani kuruka vizuizi.

Kura iliweza kuleta heri. Mjini Helsinki katika mwaka 1952, Mswidi Lars Hall, seremala, alipata farasi aliyeonekana kuwa anachechemea. Akapewa mwingine badala yake, na huyo akawa farasi bora. Hall alishinda mchezo huo na shindano zima, naye alikuwa mshindi wa kwanza asiyekuwa askari. Alishinda tena mjini Melbourne katika mwaka 1956.

Lakini kura iliweza pia kuleta msiba. Mjini Tokyo katika mwaka 2021, mwanamke wa Ujerumani aliyekuwa mbele ya wenzake wote alipata farasi aliyekataa kuruka. Watu wa nchi nyingi walimwona akilia juu ya mgongo wa mnyama aliyejaa hofu, na mwalimu mmoja alifukuzwa kwa kumpiga farasi huyo. Wengine walisema kwamba kumtawala mnyama mgeni ndicho kipimo hasa cha mtu. Wengine walisema kwamba si haki kumtesa mnyama wala kuiacha kazi ya miaka mingi mikononi mwa kura. Mwishowe wakuu wa mchezo huo waliamua kumwondoa farasi baada ya Michezo ya Paris. Mahali pake pamewekwa mbio za kuruka na kupanda vikwazo, zilizopangwa kuanza katika Olympic ya Los Angeles ya mwaka 2028.

MWAFRIKA AWAPITA WOTE

Katika Tokyo hiyo hiyo, Ahmed Elgendy wa Misri alipata nishani ya fedha nyuma ya Mwingereza Joseph Choong. Hiyo ilikuwa nishani ya kwanza ya Olympic kupatikana na Mwafrika katika shindano hili. Miaka mitatu baadaye, tarehe 10 Agosti 2024, alirudi kushindana katika uwanja wa Versailles, karibu na Paris, akapata alama 1,555, ambazo hazijapata kufikiwa na mtu ye yote kabla yake, pamoja na nishani ya dhahabu.

Shindano lililobuniwa kwa kufuata kisa cha afisa wa Ulaya na farasi wake lilidumu na farasi huyo kwa miaka 112. Mwanamume wa mwisho kushinda dhahabu ya Olympic kwa kumpanda alikuwa mtu wa Afrika.